Nguzo Iliyokuwa Mpakani

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua tena. Nimeamka, nimekamua, nimefagia zizi, nimekunywa uji uliopoa. Kisha jembe. Tangu nimalize kidato cha nne siku zangu ni hizo hizo. Ningeweza kuandika moja tu na kubadilisha tarehe.

Kitunguu saumu cha Baba kimeanza kugeuka njano. Maji yamesimama kati ya matuta. Baba ameniambia nichimbe mtaro wa kuyatoa, niupeleke mpaka kwenye kichaka kule chini. Nimechimba kuanzia saa mbili hadi saa nane. Mgongo umekufa. Kichakani sikufika. Mtaro nimeukomesha kwenye nguzo ya umeme, ile iliyo mpakani mwa shamba letu na la Mzee Sulle. Huku kwetu maji ya shamba unayasukuma hadi mpakani, yakishafika hapo si yako tena. Kijiji chetu, Bashay nzima, inafanya hivyo, na Bashay nzima inamnung'unikia jirani wa juu. Na mwisho wa mpaka wetu ni nguzo, ambayo haina mwenyewe wa kunung'unika.

Baba hakwenda kukagua. Ameuliza tu kama maji yanatoka. Yanatoka.

Mwalimu wa taaluma ametuma ujumbe kwenye simu ya Baba. Dirisha la kubadilisha machaguo ya masomo na vyuo kwenye mtandao liko wazi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 20, saa kumi jioni. Shuleni nilijaza Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu Baba anataka mwalimu ndani ya nyumba hii. Fizikia nilipata B. Hakuna aliyeniuliza nitaifanyia nini hiyo B. Ualimu siutaki. Ninachokitaka sikijui. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua kubwa tangu jana. Asubuhi nguzo imeanguka. Imelala juu ya kitunguu saumu cha Baba na waya wake wote. Baba amesimama kwenye baraza akiiangalia kama mtu aliyetukanwa.

Umeme umekatika kijiji kizima. Kufika saa saba simu nazo zimekufa. Mnara wa kule kilimani unakula umeme wa waya huo huo, na betri zake zimeisha. Sikuwahi kuliwaza hilo. Nilidhani mnara unajitegemea, kwa vile ulivyo mrefu.

Mama amefurahi. Redio ya Baba imenyamaza.

Alhamisi, 11 Aprili

Mashine ya kusaga imesimama. Mama ametoka na mahindi, amerudi na mahindi.

Bomba la maji limekauka. Pampu inataka umeme. Tumerudi mtoni na madumu kama zamani, na Mama hacheki tena.

Zahanati: nesi ametoa chanjo zote kwenye jokofu, amezipanga kwenye boksi la barafu na kupanda nalo pikipiki kwenda Mbulu mjini. Alikuwa analia kwa hasira. Kina mama waliokuwa wamebeba watoto kutoka mbali wamerudi kama walivyokuja.

Mwenye duka ana sola yake, akajitapa. Ila hawezi kuagiza mzigo bila simu. Mchana ameanza kuficha chumvi.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuwapigia mafundi wa umeme waambiwe kwamba umeme haupo. Kwa simu gani? Imebidi atume mtu. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha. Kitu kimoja kimelala shambani kwetu na kila kitu kimelala nacho. Nimekaa na wazo hilo siku nzima.

Jumamosi, 13 Aprili

Mafundi wa umeme walifika kwa miguu wakiwa na tope hadi magotini. Gari lililobeba nguzo mpya limekwama chini ya mlima. Wamesema watarudi. Hawakusema lini.

Lakini leo nimemwona mtu mwingine. Fundi wa mnara. Mwanamke! Anaitwa Uda, kwao ni Mogitu, kule Hanang, watu wa ng'ombe. Gari lake ni dogo lenye magurudumu makubwa, limepanda. Aliuliza njia ya kwenda mnarani, Mama akanituma nimwonyeshe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akifunga viatu. Hakuonyesha kushangaa kitu chochote.

Kule juu nilimwuliza kwa nini simu zinakufa umeme ukikatika. Nilitegemea atanijibu kama mtoto. Akaokota kijiti akachora kwenye tope.

"Huu mnara wenu unadhani ni wa Bashay peke yake?"

Si wa Bashay peke yake. Unapokea maneno ya minara miwili ya nyuma yake na kuyarusha bonde la pili, kwa mnara mwingine, ndipo yafike mjini. Kwa hiyo watu ambao sijawahi kuwaona hawana simu kwa sababu ya nguzo ya kwetu. Akaendelea kuchora. Pampu inataka umeme. Umeme wa pampu ni wa luku, unanunuliwa kwa simu. Simu inataka mnara. Mnara unataka umeme. Mstari ukarudi ulikoanzia.

"Sasa anayeanza ni nani?" nikamwuliza.

"Hakuna anayeanza, mdogo wangu. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kazi yangu ni kumjua anayengojwa."

Halafu akapanda mnara. Nilikaa chini nikiangalia soli za viatu vyake hadi shingo ikauma. Baba yake, aliniambia aliposhuka, aliposikia anasomea mitambo alisema basi huyu atachunga minara. Alisoma chuo cha ufundi, aliingia akitokea kidato cha nne. Kidato cha nne! Nimeuliza mara mbili.

Nimerudi nyumbani nikikimbia kwenye utelezi. Sijui mara ya mwisho nilikimbia lini bila kufukuza ndama.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani sikusikia neno. Katekista amehubiri bila kipaza sauti, amekohoa zaidi ya alivyohubiri. Nimekaa nikihesabu nani anamngoja nani. Kinanda, taa, kipaza sauti. Hata kengele: anayeipiga hutazama saa kwenye simu yake, na simu yake imezima. Tumeingia misa kila mtu kwa wakati wake.

Ninachokitaka nakijua. Nataka chuo cha ufundi, mawasiliano. Nimemwambia Mama tukiwa mtoni. Ametua dumu, akanitazama, akasema, "Baba yako utamwambia mwenyewe." Akajitwisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwambia Baba. Vibaya sana.

Amesema mwalimu hakosi kazi. Amesema mwanamke juu ya chuma, suruali, watu chini wanatazama. Amesema Uda ni wa watu wa Hanang, wale wana mambo yao. Nikasema hata sisi tuna yetu. Hapo nilikosea. Akainuka akaenda zizini, akakaa na ng'ombe muda mrefu kuliko ng'ombe walivyohitaji.

Jioni akarudi. "Utajua mwenyewe," akasema. Si baraka. Lakini si hapana. Nimeichukua hivyo hivyo.

Jumanne, 16 Aprili

Mbulu mjini. Nimetembea hadi barabara kubwa, nikapata pikipiki, watu watatu na kuku. Mjini kila kitu kinafanya kazi, inaudhi. Watu wanaongea na simu kama kawaida.

Steshenari. Dada wa pale akafungua ukurasa, akaingiza namba yangu ya mtihani. Jina langu likatokea. Chuo kikatokea. Mawasiliano, miaka mitatu. Akabofya. Ukurasa ukasema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mzazi.

Simu ya mzazi imening'inia kwenye msumari Bashay, imezima, mahali pasipo na mtandao.

Dada wa steshenari akasema rudi na simu. Akasema kwa upole, na ndipo machozi yakatoka. Simu ilikuwa haina kazi, nikaona kuibeba ni mzigo! Mimi niliyeshinda Jumapili nzima nikihesabu nani anamngoja nani. Mjinga.

Jumatano, 17 Aprili

Usafiri hakuna. Mto umepanda juu ya kivuko.

Leo tumetoa waya kwenye kitunguu. Nimekwenda kutazama shimo ilipokuwa nguzo. Ni la mviringo, limechimbika upande mmoja tu, upande wa kwetu. Mtaro wangu unaingia ndani yake moja kwa moja. Umekwenda vizuri, nimeuchimba kwa kipimo. Siku mbili maji ya shamba zima yameteremka kwenye mguu wa nguzo ile na kula udongo wake.

Ni mimi.

Nilikaa chini kwenye tope. Kisha nikachukua jembe nikavunja kingo za mtaro, nikazifukia hatua kama tano za mwisho. Nilifanya hivyo ili usionekane. Naandika kama ilivyokuwa.

Jioni Baba amerudi na habari. Kijiji kimeshampata mwenye kosa: Mzee Sulle. Dume lake la ng'ombe hulifunga kwenye nguzo ile, kila mtu amewahi kuliona likijisugua pale. Ijumaa kuna mkutano. Wanataka alitoe dume lenyewe liwe faini, lichinjwe, liliwe na watakaobeba nguzo. Ndilo dume pekee analolimia, hana jozi, huazima la pili kwetu.

Baba hakusema lolote kuhusu mtaro. Anaamini nilifika kichakani.

Alhamisi, 18 Aprili

Uda amerudi na jenereta dogo la kushikilia mnara. Halikuwaka. Kasema kesho saa nne analiteremsha mjini kutengenezwa, nikitaka atanichukua. Nikitaka!

Nimemwomba Baba simu. Ameitoa kwenye msumari, akaipangusa kwa shati, akanipa. Uda ameichaji kwenye gari lake. Niko tayari. Nguo zimepigwa pasi ya mkaa. Namba ya mtihani nimeiandika kwenye kiganja na kwenye karatasi.

Kuhusu Mzee Sulle: nitakaporudi. Nikishabofya nitarudi na kusema. Mkutano mmoja hauchinji dume siku hiyo hiyo. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo, na kila mara nimejiona mwongo.

Ijumaa, 19 Aprili

Niandike haraka kabla sijaanza kujipamba kwa maneno.

Saa nne kasoro nilikuwa kwenye gari. Simu mkononi. Barabara inapita mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wamejaa, na Mzee Sulle amesimama katikati, kofia ameishika kwa mikono yote miwili kifuani. Alinipakata nikiwa mdogo. Dume lilikuwa tayari limeletwa, limefungwa uzioni.

Nikamwambia Uda asimame.

"Nina mnara mwingine unanisubiri," akasema. "Dakika tano. Zaidi siwezi."

Nilishuka. Nilipita katikati ya watu. Nikamwamkia Mwenyekiti, nikaomba kusema. Nikasema mtaro ni wangu, nilitumwa kichakani nikachoka, nikaukomesha kwenye nguzo, na juzi nikaufukia. Sauti haikutetemeka, sijui kwa nini. Mzee Sulle alinitazama kama anayenitafuta jina. Baba alikuwa amekaa mstari wa pili na wazee wenzake. Alitazama chini, na kuanzia hapo hakuinua uso tena.

Baadaye ndipo kelele. Kama ni mtaro, wa nani hauishii mpakani? Kila mtu akaanza kutaja mtaro wa jirani yake. Mwenyekiti alipiga meza. Dakika tano ziliisha, kumi, nusu saa. Nilisikia gari likiwaka. Siwezi kumlaumu. Alipiga honi mara mbili, na mimi nilikuwa naulizwa swali.

Wameamua: dume lirudishwe. Nyumba yetu ichimbe shimo jipya kesho, na kijiji kizima kikaibebe nguzo kutoka chini ya mlima kwa mabega, kwa kuwa gari halipandi.

Nilipofika nyumbani nikagundua simu bado ninayo mkononi. Ningemwachia Uda. Namba ya mtihani ilikuwa kwenye karatasi mfukoni. Angefika mjini, namba nyingine ya uthibitisho ingeingia, angebofya yeye. Dakika moja ingetosha. Haikunijia kabisa.

Baba hajaongea na mimi. Amekula akiwa ameupa mlango uso.

Jumamosi, 20 Aprili

Alfajiri nimemwomba Baba niende mjini kwa miguu, nikikimbia naweza kuwahi saa kumi.

"Umeiangusha, utaibeba."

Ni sentensi yake ya kwanza tangu jana. Hakuisema kwa ukali.

Nimechimba shimo na Baba, bega kwa bega. Saa tano tukateremka mlimani na watu wote. Nguzo ni nzito kuliko unavyoweza kuifikiria ikiwa imesimama. Wanaume mbele, sisi katikati kwa kamba. Wimbo ukaanzishwa, wa kusukuma. Mzee Sulle alikuja. Alisimama nyuma yangu akashika kamba ile ile. Nilisikia pumzi yake kisogoni njia nzima. Hakunisemesha, na mimi sikugeuka.

Tulifika juu saa tisa na nusu, mtu mmoja akasema kwa kutazama jua. Nikafanya hesabu. Nikaendelea kuvuta, maana ukiachia wengine wanaumia. Kufika saa kumi nguzo ilikuwa imesimama nusu, imeegemea miti, na mimi nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono yote miwili ili isizunguke wakati wanashindilia mawe. Nililia usoni pa nguzo. Kwa jasho lile hakuna aliyejua.

Jumapili, 21 Aprili

Mafundi wamerudi, waya umeunganishwa asubuhi. Mchana mnara umeamka. Kijiji kimepiga kelele kama goli. Pampu, mashine, redio ya Baba. Nesi amepita akipunga mkono, boksi liko mgongoni.

Simu ya Baba imeanza kulia mfululizo, ujumbe wa siku kumi na moja. Shangazi. Mwalimu wa taaluma, mara tatu, akikumbusha. Kisha ule wa Jumanne: namba sita za uthibitisho, itumie ndani ya nusu saa. Imefika salama kabisa.

Baba alinipa simu niusome. Nilimsomea. Akauliza, "Sasa hiyo inafanya nini?" Nikamwambia haifanyi kitu, imepitwa na muda. Halafu akasema mtaro tutauchimba upya wiki hii mpaka kichakani, yeye na mimi.

Namchukia kidogo. Najichukia zaidi. Dume la Mzee Sulle limelima leo ingawa ni Jumapili, na hakuna aliyelisema.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimempigia Uda. Aliuliza kwanza kama nguzo imesimama wima. Nilimweleza kuhusu chuo. Akasema ipo njia ya kujisomesha binafsi, mwaka kesho. Wote wawili tunajua hali ya nyumba yetu. Akasema samahani, yuko juu, upepo ni mkali.

Ijumaa, 10 Mei

Hakuna. Nimepalilia. Kitunguu kilichobaki kinapona.

Wenzangu wa darasani wanapita kuuliza nimebadilisha nini. Nasema sikubadilisha. Wanasema afadhali, wengine wamejichanganya.

Jumatano, 29 Mei

Machaguo yametoka. Historia, Kiswahili, Kiingereza, shule ya bweni, mbali. Baba ameambiwa na mwenye duka akiwa njiani, akarudi nyumbani mbio, mtu mzima yule. Amesema jina la shule vibaya mara tatu kwa furaha. Mama amenishika bega. Mzee Sulle ameleta maziwa. Amesema, "Mwalimu wetu," na macho yake yalikuwa na maji.

Nimesema asante kwa kila mtu. Haikuwa ya uongo yote.

Jioni nimejaza fomu ya kujiunga na shule. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, magonjwa. Baba amekaa pembeni ameshika taa ya simu ingawa umeme upo, anataka kuona kila herufi. Ukurasa wa mwisho unauliza: unatarajia kufanya kazi gani baada ya masomo? Baba hasomi haraka, nilikuwa na muda wa kutosha. Nikaandika Mwalimu. Akafuata herufi kwa kidole, akafika mwisho, akasema mwandiko wangu ni mzuri.